Baada ya Tetemeko la Kagera: Tuanze na Sheria au na Fundi?

Tetemeko lililopiga mkoa wa Kagera, Tanzania, Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kiini chake kilikuwa kwenye kina cha kilomita 40 hivi chini ya ardhi, karibu na mpaka wa Uganda. Kwa wataalamu hilo ni tetemeko la wastani. Likipita la ukubwa huo Chile au Japani, watu hulizungumza jioni na kesho yake wakaenda kazini. Kwetu liliua watu 17, likajeruhi mamia, likaangusha nyumba zaidi ya 2,000 na kuziacha maelfu nyingine zikiwa na nyufa ambazo mtu hawezi kulala chini yake kwa amani. Sekondari kongwe ya Ihungo na jirani yake ya Nyakato zilifungwa, maana majengo hayakufaa tena kukaliwa. Ardhi haikummeza mtu. Waliokufa waliuawa na kuta.

Juu ya hilo hakuna anayebisha. Ubishi ni wapi pa kuanzia. Wapo wanaotaka kanuni ya taifa ya ujenzi iandikwe kwanza na isimamiwe kwa mkono mzito. Wapo wanaosema karatasi haijengi ukuta, afundishwe fundi. Ili hoja zikutane uso kwa uso nimewaketisha watu watano katika kata ya Kashai, Manispaa ya Bukoba, penye nyumba zilizobanana na sehemu za ardhi ya chini yenye majimaji. Yupo mhandisi, fundi mwashi, mwalimu wa jiografia kutoka Muleba, mama mwenye nyumba, na mwenyekiti wa mtaa. Wote ni wahusika wa kubuni, ila hoja zao zinasikika kila nyumba inapoanza kupanda msingi.

MHANDISI: Nianze na lililo wazi. Ukuta wa tofali unabeba vizuri uzito unaoshuka. Rundikia bati, kenchi, hata ghorofa, utavumilia. Tetemeko lenyewe linausukuma ubavuni, huku na huku, mara kadhaa kwa sekunde. Tofali na mota havijui kuvutwa. Vinajua kugandamizwa tu. Kwa hiyo kona zinaachana, ukuta mrefu unalala nje, na paa linafuata. Nchi zinazoishi na matetemeko ziliyaandika haya kwenye kanuni zao. Kenya ilikuwa na kanuni ya majengo na matetemeko tangu 1973. Uganda, iliyopoteza watu karibu 160 kwenye tetemeko la Toro la Machi 1966, ikaandika kiwango chake mwaka 2003. Sisi wahandisi wengi tumesomea viwango vya Uingereza, na Uingereza haina haja ya kuwaza matetemeko. Unawezaje kumdai mtu ajenge kwa kanuni ambayo hukumwandikia?

FUNDI: Mhandisi, nakuheshimu, lakini niambie: nyumba ya vyumba viwili na sebule hapa Kashai, umewahi kusimama kwenye saiti yake? Mimi nimezijenga nyingi, sijawahi kumwona mhandisi hata akipita njiani. Mteja anakuja na kiwanja, rundo la matofali ya kuchoma na pesa za kuanzia. Ramani iko kichwani mwake. Hiyo kanuni mkishaiandika Dodoma, itanifikia kwa mlango gani?

MHANDISI: Kwa mlango wa kibali cha ujenzi. Sheria tayari inadai kibali mijini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ipo, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo, na ya wabunifu majengo ipo.

FUNDI: Zote hizo zinakamata maghorofa. Na hata huko kwenye maghorofa, mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam likaua watu 36, bila tetemeko lolote. Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, nalo bila tetemeko. Kama usimamizi unashindwa pale kwenye mabango ya mkandarasi na mhandisi mshauri, utaufikishaje kwa mama aliye uani Kashai?

MWENYEKITI: Hapo fundi umesema, lakini nikusahihishe kidogo. Tatizo letu halikuanza kwenye kibali, lilianza kwenye kiwanja. Watu walijenga kwanza, serikali ikaja baadaye na urasimishaji wa makazi. Ni jambo jema, mtu anapata hati, anakopesheka. Lakini urasimishaji hupima kiwanja, haupimi ukuta. Nyumba iliyojengwa kwa udongo mtupu inapata karatasi sawasawa na iliyofungwa kwa nondo.

MWALIMU: Hiyo ni hatari ambayo Uturuki imeionja. Nchi ile ina kanuni nzuri kabisa ya matetemeko. Mwaka 2018 serikali yao ikatoa msamaha wa ujenzi: lipa ada, jengo lako lililokiuka sheria lihalalishwe. Mamilioni ya majengo yakaingia. Februari 6, 2023 ardhi ikatikisika, na watu zaidi ya 50,000 wakafa kwa upande wa Uturuki peke yake. Kwa hiyo, mhandisi, kanuni peke yake haiokoi mtu. Inaokoa ikiwa kuna mtu wa kukataa.

MHANDISI: Umeugusa upande mmoja wa sarafu, mwalimu. Geuza upande wa pili. Mwaka 2010, mwezi Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, wakafa watu zaidi ya 100,000. Wiki sita baadaye Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati mara 500 hivi ya lile la Haiti. Walikufa watu 500 na kitu. Chile walikuwa na kanuni inayofuatwa. Haiti haikuwa na kanuni ya maana. Utaniambia tofauti hiyo ililetwa na nini?

FUNDI: Nitakuuliza na mimi. Nyumba za kawaida za Chile zinajengwaje?

MHANDISI: Nyingi ni za tofali, kama zetu. Ila ukuta unapandishwa kwanza, ukiachwa na meno pembeni, kisha nguzo nyembamba za zege zinamwagwa kwenye kila kona na kwenye makutano ya kuta, zikashikana na mkanda wa zege juu. Tofali linabaki limekumbatiwa pande zote.

FUNDI: Unaona? Hayo umeyaeleza kwa dakika moja, na mimi nimeyaelewa yote bila kufungua kitabu cha kanuni. Wale mafundi wa Chile waliyajua hayo mikononi. Sisi hatukufundishwa. Mimi nilijifunza kwa fundi mkubwa, naye kwa mwingine. Tulifundishwa timazi, kamba na pima maji. Ukuta uwe wima, ukuta uwe sawa. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna siku utasukumwa ubavuni.

MAMA: Samahani ndugu zangu, mnazungumza nyumba yangu kana kwamba sipo. Mwaka 2016 ukuta wangu wa jikoni ulilala, na ule wa sebule ukapasuka kuanzia kona ya dirisha hadi juu. Mwaka uliofuata nilijenga tena, kwa pesa ya kikoba na ya ndizi za kibanja. Fundi aliniambia lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, izunguke nyumba nzima. Nikapiga hesabu ya nondo, saruji na kokoto. Nikamwambia aweke mbao juu ya milango na madirisha, basi. Sikuwa mjinga. Saruji mpaka ifike Bukoba imeshasafiri sana, na kila kilomita inalipiwa na mimi.

FUNDI: Na hilo ndilo nalisikia kila siku. Mteja akikosa pesa anaanza kukata mahali pasipoonekana. Badala ya kulaza tofali, anasema lisimamishwe, ili rundo litoshe; ukuta unakuwa mwembamba. Mota anataka ya udongo ndani, kisha plasta ya saruji nje, nyumba ipendeze. Matofali yenyewe mengine yameungua nje tu, ndani bado mabichi. Ukimpigia rangi, wageni watasifu.

MAMA: Kwa hiyo mimi ndiye mwenye makosa?

FUNDI: Hapana mama, waitu. Sijasema hivyo. Nasema hukupewa hesabu iliyokamilika. Uliambiwa bei ya lenta. Hukuambiwa kwamba ungeweza kupunguza dirisha moja, au kuliondoa gebo la tofali, ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, na kuziba kwa mbao au bati, ukapata sehemu ya pesa ya lenta hiyo hiyo. Gebo la tofali ndilo la kwanza kuanguka, na ni zito bila faida.

MWALIMU: Wazee wetu walilijua hili la uzito. Msonge wa Kihaya ni miti, matete na nyasi, umefungwa kwa kamba kutoka juu mpaka chini, hauna kona ya kuachana. Ukitikiswa unayumba kisha unarudi.

MAMA: Mwalimu, utalala wewe kwenye msonge? Na moto je? Na mchwa?

MWALIMU: Sisemi turudi humo. Nasema nyumba iwe nyepesi juu na ifungwe pamoja. Bati ni jepesi, tuna bahati. Tatizo ni kuta nzito zisizoshikana.

MHANDISI: Na udongo wa hapa je? Ardhi laini yenye maji hukuza mtikisiko. Mwaka 1985 jiji la Mexico lilibomoka vibaya kwa tetemeko lililotokea baharini, umbali wa kilomita 350 na zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya tope la ziwa la kale. Sehemu za chini za Kashai zinastahili tahadhari hiyo. Fundi hawezi kuyajua hayo kwa macho. Inahitajika ramani ya udongo, nayo ni kazi ya serikali.

FUNDI: Ihungo iko mlimani, mhandisi, na ilivunjika.

MHANDISI: Kweli. Kilele cha mlima nacho hukuza mtikisiko, na majengo yale yalikuwa ya zamani, ya mawe na tofali nzito. Ndiyo maana nasema ramani itengenezwe. Bila hiyo kila mmoja atachukua mfano unaompendeza.

MWENYEKITI: Mimi nirudi kwenye pesa. Baada ya tetemeko tulisubiri. Michango ilitoka kila upande, ndani na nje ya nchi. Januari 2017 Rais Magufuli alifika Bukoba akasema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Itarudisha miundombinu ya umma. Na kweli Ihungo ilijengwa upya, Uingereza ikatoa sehemu ya pesa. Wananchi wengine walinung'unika, wengine wakasema afadhali tumeambiwa ukweli. Mimi sina ugomvi na kauli ile. Hakuna serikali maskini inayoweza kujenga nyumba za mkoa mzima.

MAMA: Mimi ninao ugomvi, mwenyekiti. Kama kila mtu ajijengee, sawa. Lakini mbona hakuja mtu kutuonyesha jinsi ya kujijengea? Tuliambiwa tushike mwiko wenyewe, tukarudia nyumba ileile iliyoanguka. Kuta zilezile, udongo uleule.

MWALIMU: Hapo ndipo Nepal ilipotuacha. Walipigwa Aprili 25, 2015, wakafa watu karibu 9,000. Serikali yao nayo haikumjengea mtu nyumba. Ilimpa mwenye nyumba rupia 300,000, kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ya kuanzia. Ya pili haikutoka mpaka mkaguzi aone msingi umejengwa inavyotakiwa. Ya tatu mpaka kuta zifike juu na kufungwa. Na waashi wakafundishwa kwa maelfu, vijijini kwao. Mwenye nyumba alijenga mwenyewe, lakini pesa ilimlazimisha ajenge sawasawa.

MHANDISI: Na mkaguzi alikagua kwa kutumia nini, mwalimu? Kwa kanuni iliyoandikwa. Nepal walikuwa na kanuni tangu miaka ya 1990, pamoja na michoro ya nyumba ndogo ambayo haihitaji mhandisi. Mnajifanya mnanipinga na huku mnanisaidia.

FUNDI: Basi hiyo ndiyo kanuni ninayoitaka mimi! Michoro. Nyumba ya vyumba viwili, ya vyumba vitatu, basi. Nondo unene huu, ringi umbali huu, lenta hapa, nguzo kona hii. Ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa. Nisiende kuombewa tafsiri na mtu.

MWENYEKITI: Ofisi yangu iko tayari kwa karatasi hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Lakini kamati bila fungu na bila fundisho ni kikao tu. Tunakutana mafuriko yakija, tunakutana nyumba ikiungua. Hakuna anayetuita kabla.

MWALIMU: Na shuleni pia. Watoto wanafundishwa wajifiche chini ya meza. Hilo linafaa jengo likiwa imara. Ukiwa kwenye nyumba ya udongo na mlango uko hatua mbili, toka haraka uende uwanjani, mbali na ukuta na gebo. Fundisho la nchi ya majengo ya zege haliwezi kunakiliwa hivi hivi. Tunahitaji letu.

MAMA: Wengine watasema tetemeko ni kazi ya Mungu, limeshapita, litarudi baada ya miaka mia.

MWALIMU: Mama, sisi tuko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki. Nishati yake ilikuwa mara 180 hivi ya lile la 2016. Mwaka 2008 la 5.9, ukubwa uleule wa kwetu, lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda na kuua makumi ya watu. Tarehe hatujui, wala hakuna mwanasayansi duniani anayeijua. Tunachojua ni kwamba mahali petu ndipo hapo. Na lile letu lilikuja mchana, watu wengi wakiwa nje. Lingekuja usiku wa manane hesabu ingekuwa nyingine.

Hapo niwasimamishe, niseme langu.

Mhandisi ana haki anaposema kwamba bila maandishi hakuna cha kudai. Lakini kanuni anayoiwaza yeye ni ya majengo yenye mhandisi, na waliokufa Kagera wengi hawakuwa ndani ya majengo hayo. Walikuwa ndani ya nyumba zilizojengwa na fundi wa mtaani kwa pesa ya mwenye nyumba, kipande kwa kipande, miaka kadhaa. Kanuni itakayoanza na ghorofa na kumalizia na nyumba ya Kashai itachukua kizazi kizima kufika Kashai. Tetemeko halitaisubiri.

Kwa hiyo tuanze na fundi, kwa masharti. Serikali ikiwa imekwisha kusema kwamba kila mtu atajijengea, imejitwika deni la kumwonyesha namna. Deni hilo linalipika kwa mambo manne yasiyohitaji mfadhili mkubwa. La kwanza ni michoro ya nyumba ndogo za kawaida, kwa Kiswahili, inayotolewa bure kwenye kila ofisi ya mtaa na kijiji cha Kagera, Bukoba hadi Muleba na Missenyi, na kibali chake kiwe cha haraka na nafuu kwa anayeifuata. La pili ni mafunzo mafupi ya waashi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na cheti ambacho mteja anaweza kukidai kabla ya kumpa fundi kazi. La tatu ni ukaguzi mara tatu tu: msingi kabla ya kufukiwa, lenta kabla ya zege kumwagwa, na kenchi kabla ya bati. La nne ni kwamba siku tetemeko lijalo litakapopita, msaada wowote wa nyumba utoke kwa awamu, ukifuata ukaguzi huo, na sharti hilo litangazwe leo, kabla ya maafa, ili lisionekane ukatili kesho.

Kanuni ya majengo makubwa iandikwe pia, na ramani ya udongo ichorwe. Hakuna anayezikataa. Lakini wizara isijifiche nyuma ya rasimu ya sheria huku waashi wakisimamisha tofali la udongo kila Jumatatu.

Na wewe msomaji unayejenga mwaka huu, Kashai au Kamachumu, usimsubiri mtu. Laza tofali, usilisimamishe. Mota iwe ya saruji, hasa kwenye kona. Lenta izunguke nyumba nzima na nondo zake zikunjwe kwenye kona zishikane. Gebo la tofali liache. Pesa ikipungua, punguza chumba, lenta usiiguse.